Unalalaje, unashindaje: kutumia rekodi ya usingizi na shughuli zako kupata tiba ya sonona inayokufaa wewe

Ukifika kliniki ukaulizwa "unalalaje?" jibu la watu wengi huku kwetu Moshi na Arusha ni moja tu, "silali kabisa daktari", na hapo ndo shida inapoanzia, sababu hiyo "silali kabisa" inaweza kuwa mambo matano tofauti. Kuna anayepanda kitandani saa tatu usiku afu anagaragara mpaka saa sita. Kuna anayepitiwa fasta ila saa tisa usiku macho makavu, na kuanzia hapo ni mawazo mpaka jogoo awike. Kuna anayelala masaa kumi na mbili na bado anaamka hoi. Kuna mtu wa shifti, yule mlinzi wa hoteli ambaye wiki hii usiku wiki ijayo mchana. Afu kuna wa tano, analala masaa matatu anaamka na nguvu za ajabu, anaongea bila kituo, ana mipango kumi kwa mpigo. Huyu wa mwisho akipewa dawa ya sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, depression) kama wenzake inaweza kumpandisha zaidi, nitamrudia huko mbele.

Wote watano wakisema sentensi ileile wanaweza kuondoka na dawa ileile. Kinachowatenganisha ni rekodi, wiki mbili tu za kuandika unalala saa ngapi na unashinda ukifanya nini. Rekodi hiyo haikutibu na wala haikupimi kama una sonona, kazi yake ni kumpa anayekutibu kitu cha kushika, na wewe mwenyewe ujue kipi kinakusaidia na kipi unajisumbua bure.

Kabla hujaanza

Kama una mawazo ya kujidhuru, au unaona bora usiwepo, usianze na daftari. Mwambie mtu mmoja leo hii, afu nendeni hospitali pamoja, hata kama ni usiku, mapokezi ya dharura yapo masaa yote. Hivyohivyo kama unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au hujala wala kunywa siku kadhaa. Kwa wengine wote pa kuanzia ni kituo cha afya kilicho karibu, rufaa zinaenda hospitali za mkoa, Mawenzi kwa Moshi na Mount Meru kwa Arusha, na juu yake kuna KCMC ambayo ni ya kanda. Ulizia kliniki ya afya ya akili, usione aibu, foleni ile ina walimu, madereva wa watalii, mama lishe, kila aina ya mtu.

Kifaa: kaunta buku kwanza, saa baadaye

Najua wengi mmekuja hapa mkitaka kuambiwa mnunue saa gani. Kwa kweli kama hela ni ya mawazo, nunua kaunta buku ndogo na kalamu, inatosha kabisa. Wataalamu wa usingizi duniani kote bado wanaanza na shajara ya usingizi ya kuandika kwa mkono, sababu inabeba kitu ambacho saa haina, yaani wewe ulijisikiaje.

Saa ya mkononi inafanyaje kazi? Ndani kuna kihisio cha mwendo, usipotikisika muda mrefu inahesabu umelala, na nyingi zinasoma pia mapigo ya moyo kwa kale kataa ka kijani huko chini. Kwa muda wa kulala na kuamka zinakaribia ukweli, ila zina kasoro moja kubwa kwa mtu mwenye sonona: ukilala chali macho kwenye dari masaa mawili bila kujigeuza, inaweza kuandika kwamba ulikuwa usingizini. Kwa hiyo mtu anayeteseka na kukosa usingizi anaonyeshwa kalala vizuri, akimuonyesha mume wake naye anasema "si unaona, unalala". Na zile rangi za usingizi mzito, mwepesi, wa ndoto, usizishikilie, kupima hivyo sawasawa kunahitaji waya za kusoma umeme wa ubongo. Angalia vitu viwili tu kwenye saa: ulilala saa ngapi na uliamka saa ngapi. Basi.

Halafu zile za bei chee ambazo muuzaji anakwambia inapima mpaka sukari, achana nazo. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya mwaka 2024 kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Mtu anayekudanganya kwenye sukari sijui kwa nini umuamini kwenye usingizi.

Simu janja nayo inahesabu hatua ila lazima uwe nayo mwilini, sasa mama anayeiacha inachaji dukani siku nzima itamwonyesha kakaa tu. Mwenye kitochi hajapungukiwa kitu, daftari linamtosha.

Unachoandika asubuhi

Asubuhi ukishaamka, kabla ya mishemishe, andika vitu sita: ulipanda kitandani saa ngapi, unadhani ulipitiwa saa ngapi, uliamka katikati ya usiku kwa jumla muda gani, macho yalifunguka moja kwa moja saa ngapi, ulitoka kitandani saa ngapi, na usingizi unaupa ngapi kati ya 0 na 10. Kadiria tu. Kuchungulia saa usiku ili uandike sawasawa kunakuamsha zaidi, na hiyo simu ukishaishika utajikuta kwenye status za watu.

Angalizo la kwetu: saa yako inaandika 23:00, wewe kichwani una saa tano usiku, ukichanganya hizo mbili kwenye daftari hesabu zote zinavurugika. Chagua moja. Mimi nashauri uandike Kiswahili, saa tano usiku, saa kumi na moja alfajiri, na ukitoa namba kwenye saa uigeuze hapohapo.

Tuchukue mfano wa kutunga, mama mmoja wa Pasua anayeuza ndizi Mbuyuni. Alipanda kitandani saa 3 usiku, akapitiwa saa 5, katikati aliamka kama lisaa limoja hivi kwa jumla, macho yakafunguka saa 11 alfajiri, akabaki kitandani anawaza mpaka saa 1 asubuhi. Kitandani amekaa masaa 10. Usingizi ni kuanzia saa 5 mpaka saa 11, masaa 6, toa lile moja, yanabaki 5. Gawa 5 kwa 10 zidisha kwa 100, unapata asilimia 50. Hiyo namba inaitwa ufanisi wa usingizi, na kawaida mtu anayelala vizuri yuko asilimia 85 kwenda juu. Angalia sasa, huyu mama angesema "nawahi kulala ila silali", angeambiwa awahi zaidi, wakati shida yake mojawapo ni hayo masaa matano anayokaa kitandani akiwa macho, kitanda kimeshageuka sehemu ya kuwazia marejesho ya kikoba.

Pembeni weka alama za vitu vinavyogusa usingizi: kahawa na chai ya rangi (weka na muda, sababu nusu ya kafeini bado iko mwilini masaa kama matano baadaye), mbege, bia, konyagi, mkesha wa kanisani, mtoto mgonjwa, na dawa uliyomeza na saa uliyomeza. Pombe inadanganya sana hapa, inakulaza haraka ila inakata usingizi nusu ya pili ya usiku. Kuna watu wengi wanaoamka saa nane usiku na hawajawahi kuunganisha na zile mbili za jioni.

Unachoandika mchana na jioni

Hapa watu wanafikiri hatua elfu kumi. Hiyo elfu kumi ilitokana na kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, jina lake tu ndo lilibeba hiyo namba, haikutoka maabara. Mtu mwenye sonona kali akipewa lengo hilo siku ya kwanza, siku ya tatu kashajiona kashindwa tena. Wewe unatafuta wastani wako wa sasa, hata kama ni hatua mia nane, hiyo ndo sakafu yako.

Na hatua hazioni kila kitu. Ukilima kihamba (shamba la nyumbani) asubuhi nzima umeinama sehemu moja, ukifua, ukipiga deki, ukisukuma mkokoteni umeushika kwa mikono miwili, saa itaandika kidogo. Bodaboda naye akipita barabara mbovu ya vumbi saa inaweza kumhesabia mtikisiko kama anatembea. Kwa hiyo gawanya siku sehemu tatu, asubuhi, mchana, jioni, kila sehemu andika kwa maneno machache ulifanya nini, ulikuwa na nani, na hali ya moyo ngapi kati ya 0 na 10. Ukiweza ongeza namba mbili: raha uliyopata, na ile hali ya kujiona umefanya kitu. Ni vitu tofauti, kufua nguo hakuna raha yoyote ila unaweza kujikuta umetoka 2 ukafika 4 sababu tu beseni limeisha.

Kila baada ya wiki mbili jaza yale maswali tisa yanayoitwa PHQ-9, yapo ya Kiswahili, omba kliniki wakupe. Jumla inaanzia 0 mpaka 27. Kuanzia 5 ni sonona nyepesi, 10 ya kati, 15 inaelekea kuwa kali, 20 kali. Ikishuka kwa alama 5 hayo ni mabadiliko ya maana, ikishuka nusu tiba inafanya kazi, chini ya 5 ndo tunakotaka. Swali la tisa linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru, ukijibu chochote zaidi ya "hapana kabisa" usisubiri tarehe ya kliniki.

Wiki mbili za kwanza usibadilishe kitu

Hii inawashinda wengi, mtu akianza kuandika anataka na kuacha kahawa na kuanza mazoezi na kulala mapema vyote Jumatatu. Ukifanya hivyo ukapata nafuu hujui ni nini kimekusaidia. Wiki mbili ishi kama kawaida, andika tu. Ila dawa ulizoandikiwa endelea nazo, usizisimamishe ili "uone hali halisi". Ukisahau siku moja acha wazi, usijaze kwa kubuni.

Kusoma kilichoandikwa

Kaa na daftari, ikiwezekana na mtu mmoja unayemwamini, na ujiulize wewe ni yupi kati ya hawa.

Kama ufanisi wako uko chini na masaa ya kitandani ni mengi, wewe ni yule mama wa ndizi, na dawa yako kubwa ni kupunguza muda wa kitandani. Unachukua wastani wa masaa uliyolala kweli, unapanga dirisha la kulala linalokaribiana nalo, lisiwe chini ya masaa matano na nusu. Saa ya kuamka inabaki ileile kila siku hata Jumapili. Usipopitiwa ndani ya kama dakika ishirini unatoka kitandani, unakaa kwenye kiti, taa hafifu, ukisikia usingizi ndo unarudi. Wiki ikifikisha asilimia 85 unaongeza dakika kumi na tano. Siku za kwanza utachoka mno, kwa hiyo dereva wa gari la watalii, bodaboda, mwenye kifafa, na yeyote mwenye historia ya kupanda hisia kupita kiasi asifanye hili bila kusimamiwa. Kuna njia ya polepole zaidi, kupunguza nusu saa kila wiki, na kwa mtu aliyechoka na sonona naona ndo inavumilika.

Kama unaamka alfajiri sana na asubuhi moyo uko 1 ila jioni unafika 5, mwambie daktari hivyohivyo, hiyo sura anaijua na inambadilishia uamuzi. Kwako pia inabadilisha ratiba: maamuzi magumu na simu za madeni zisogeze mchana, asubuhi weka kitu kidogo kisichohitaji akili.

Kama unalala masaa kumi na kitu na mchana uko kitandani, kuongezewa dawa ya kulevya usingizi hakukusaidii. Hapa tunaanza na kuamka na mwanga. Sisi tuko karibu na ikweta, saa kumi na mbili na nusu kushapambazuka mwaka mzima, hata Julai ile ya ukungu na baridi ya Arusha mwanga wa nje ni mkali mara nyingi kuliko wa ndani, kaa nje nusu saa na blanketi lako. Ila pia uliza vipimo: damu, tezi ya shingo, na kama unakoroma mpaka unakatika pumzi hilo ni tatizo jingine kabisa linalofanana na sonona.

Wa shifti na wagumu (wapagazi) wa mlimani, nyie wastani wa wiki haueleweki. Mtu kapanda Kilimanjaro siku sita, usiku wa kileleni kaamka saa tano usiku, afu kashuka kalala siku nzima, ukichanganya hizo namba unapata uongo. Tenga kurasa mbili, siku za kazi na siku za nyumbani. Na msimu uandike pia, Aprili na Mei mvua zimefunga kazi wengi wanakaa nyumbani bila hela, moyo unashuka, na kuna anayeongezewa dozi wakati kilichobadilika ni kalenda.

Na yule wa tano. Usingizi unapungua siku kadhaa mfululizo, hachoki, hatua zinapanda ghafla, hela zinatoka, maneno mengi. Hiyo si nafuu. Inawezekana ni ugonjwa wa hisia zinazopanda na kushuka, na dawa za sonona zikitolewa peke yake zinaweza kumrusha juu zaidi. Huyu arudi kliniki wiki hiyohiyo na daftari lake, na hapa kwa kweli saa inasaidia, maana mwenyewe anakuwa anajisikia vizuri hawezi kulalamika.

Badilisha kimoja, subiri, pima

Sasa mnapanga na mtaalamu wako kitu kimoja cha kujaribu wiki mbili. Kwa upande wa shughuli, rudi kwenye kurasa zako utafute palipo na namba ya juu hata kidogo. Usiazime cha mtu mwingine. Kama daftari linaonyesha Jumatano ya kwaya moyo unafika 5 wakati siku zingine ni 2, mazoezi yako ni kwaya, hata kama kila mtu anakwambia kimbia. Kama kutembea kutoka Kijenge mpaka Mnara wa Saa kulikupa 4, weka mara tatu kwa wiki, siku na saa maalum, na usisubiri hamu ije, hamu kwenye sonona inakuja baada ya kutoka. Siku mbaya fanya robo, fika getini urudi, andika. Hatua ongeza kidogo juu ya sakafu yako, mia tano hivi, ukizoea ongeza tena.

Kwa upande wa dawa rekodi ina kazi yake. Fluoxetine, dawa ya sonona, mara nyingi humezwa asubuhi sababu inaweza kuchangamsha, ukiona usingizi umeharibika tangu uanze, angalia unameza saa ngapi. Amitriptyline, nayo ya sonona, inalevya usingizi, humezwa usiku, ukiona asubuhi huamki na hatua zimeporomoka tangu dozi ipande, hilo ni la kumwonyesha daktari. Hii dawa ikimezwa nyingi kwa mpigo ni hatari sana, hivyo kwenye nyumba yenye mtu aliyewahi kuwaza kujidhuru dawa ikae na ndugu. Anayetumia ARV zenye dolutegravir ajue kukosa usingizi ni athari inayofahamika, aulize kliniki kama anaweza kuhamishia asubuhi. Yote haya ni ya kuuliza, usijihamishie dozi mwenyewe wala kuacha ghafla.

Chora mstari kwenye daftari siku uliyoanza dawa. Dawa hizi zinachukua wiki nne mpaka sita kuonyesha kazi kwenye moyo, na usingizi au nguvu vinaweza kutangulia kurudi. Ndugu wawe macho hapo, hasa kwa kijana chini ya miaka 25: nguvu zimerudi ila mawazo mabaya bado yapo.

Kuingia nayo kwa daktari

Usimpelekee daftari zima wala picha arobaini za saa, foleni ni ndefu na atalifunika. Nusu ukurasa tu: wastani wa masaa ya usingizi na ufanisi, saa ya kuamka, PHQ-9 ya mwanzo na ya sasa, kitu mlichobadilisha, na swali moja. Mfano: "Nimelala wastani wa masaa 5 nikiwa kitandani 10, PHQ-9 ilikuwa 17 sasa 14, nimeacha chai ya jioni, naamka bado saa 9 usiku, je muda wa dawa ndo tatizo?" Ukiingia hivyo mazungumzo yanabadilika, umekuja na kazi nusu imeshafanyika. Kama amekujibu kwamba hizo za saa hazina maana, usibishane kuhusu saa, msomee ya kwenye daftari.

Ukiona namba zinakusumbua

Kuna watu wakianza kupima ndo usingizi unaharibika zaidi, anaamka anajisikia poa, saa inamwambia umelala vibaya, siku imeisha. Vua saa wiki mbili, baki na daftari. Kama na daftari linakuumiza, andika mistari miwili tu, saa ya kuamka na hali ya moyo. Na uwe makini nani anaona hizi taarifa, programu nyingi zinatuma kwenye akaunti, simu ya kushea na mtu haifai kwa hili, na bosi hana sababu ya kujua ulilala saa ngapi.

Ukishapata nafuu acha kupima kila kitu. Angalia kwenye kurasa zako za nyuma ni alama ipi ilitangulia kabla hujaanguka, kwa mmoja ni kuacha kutoka Jumapili, kwa mwingine ni kuanza kuamka saa tisa, na uifuate hiyo moja tu. Mwambie na mwenzako nyumbani aijue. Ikijirudia wiki nzima jaza PHQ-9 siku hiyohiyo, na ikiwa imepanda kwa alama 5 wahi kliniki hata kama kadi yako imeandikwa mwezi ujao.